Krapf na kaburi la ng'ambo ya Mombasa



Huenda wewe unayesoma safu hii kabla ya kwenda ibadani ulizika mtu wako mwaka huu. Wiki za kwanza chakula hakikupita kooni. Kisha siku moja mtoto wa jirani akafanya kichekesho chake, nawe ukacheka, ukacheka hasa, mpaka ulipokumbuka kwamba wewe ni mfiwa. Ukanyamaza ghafla kwa aibu, ukajiuliza moyoni: kumbe nimemsahau upesi hivi?

Au huenda habari yako ni ya upande wa pili. Uliomba kazi miaka mitatu, ukafunga, ukaweka nadhiri, na siku barua ilipokuja ulilia kwa furaha ukapeleka sadaka ya shukrani. Leo, miezi minane baadaye, unanung'unika juu ya mkubwa wako wa kazi, juu ya nauli, juu ya mshahara, kama mtu ambaye hakuwahi kuomba chochote.

Moyo wa mwanadamu huzoea. Siku hizi wataalamu wa saikolojia wanaliandikia sana jambo hili, lakini Maandiko yalikwisha kulionyesha zamani. Wana wa Israeli walistaajabia mana siku ya kwanza wakaiulizana jina, kisha wakafika mahali pa kuichukia na kukumbuka matango ya Misri. Na mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi kwamba kuridhika katika kupungukiwa na katika kushiba ni jambo alilojifunza. Angalia neno hilo, kujifunza. Hakusema alizaliwa nalo.

Leo nataka nikusimulie maisha ya mtu ambaye jina lake unalijua tangu shule ya msingi, hasa kama umesoma Kenya. Tatizo la majina ya shuleni ni kwamba tunayakariri pamoja na mwaka na mlima, tukajibu mtihani, tukasahau kwamba yalikuwa ya watu waliolala macho wazi usiku kama sisi. Johann Ludwig Krapf: mmisionari wa kwanza wa CMS katika pwani yetu, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Mlima Kenya. Jibu sahihi, alama mbili. Lakini mtu mwenyewe?

Alizaliwa Januari 11, 1810, katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani, katika nyumba ya mkulima. Akiwa na umri wa kama miaka kumi na mmoja jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua miezi sita. Fikiria mtoto wa shamba, mwenye nguvu za kukimbia kutwa, amelazwa nusu mwaka kwa ajili ya kosa la mtu mwingine. Katika kitanda hicho ndipo alipoanza kusoma Biblia kwa bidii na kufikiri juu ya umilele. Mwenyewe alipokuwa mzee aliuhesabu ugonjwa ule kuwa mlango wa safari yake yote. Mimi nalitaja tu na kupita, kwa sababu kuna watu wazima wanaopiga watoto kisha wakatafuta faida iliyopatikana. Mungu kugeuza ubaya kuwa jema hakumfanyi aliyepiga kuwa na haki.

Kijana huyu alipenda ramani. Aliitazama Afrika katika kitabu akaona upande wa mashariki nafasi kubwa zisizo na jina lolote, na nafasi hizo zikamwingia moyoni. Mwaka 1827, akiwa na miaka kumi na saba, akajiunga na chuo cha wamisionari cha Basel nchini Uswisi, moto ukiwaka. Miaka miwili baadaye moto umezimika. Alikuwa amesoma vitabu vya watu wa kiroho wa ndani sana, akajichunguza, akajiona hafai, akaondoka chuoni. Akasoma theolojia Tübingen, akamaliza mwaka 1834, akawa mchungaji msaidizi kijijini, na hapo napo akaingia matatani kwa sababu ya mahubiri makali juu ya mwisho wa dunia. Akaiacha kazi. Kama ungekutana naye wakati huo ungesema huyu ni kijana asiyejua anataka nini. Kupanda sana, kushuka sana. Kumbuka tabia hiyo, tutaiona tena.

Rafiki mmisionari alimtia moyo upya, na mwaka 1837 CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, likamtuma Uhabeshi. Kule Tigray alifukuzwa baada ya muda mfupi. Akazunguka, akaingia Shewa mwaka 1839, na mfalme Sahle Selassie akampokea vizuri. Kwa karibu miaka mitatu alikaa huko, na huko ndiko alikopata shauku ambayo haikumwacha: kuwafikia Waoromo. Aliamini kwamba watu wale wengi na wenye nguvu wakimpokea Kristo, Afrika yote ya mashariki itafuata. Mwaka 1842 alitoka kwenda Misri kumwoa Rosine Dietrich wa Basel, akaporwa njiani karibu kila kitu, akafika kwa taabu, akaoa. Lakini alipotaka kurudi Shewa na mke wake, njia ilikuwa imefungwa.

Wakajaribu kupitia Tigray, Rosine akiwa mjamzito. Akajifungua binti nyikani, njiani, mbali na nyumba yoyote. Mtoto hakuishi. Walimpa jina Eneba, maana yake chozi, wakamzika chini ya mti, na baada ya siku chache wakaendelea na safari kwa sababu wasafiri wenzao hawakuweza kungoja.

Hebu tuketi hapa kidogo. Watu wengi husoma maisha ya wamisionari kama habari za mashujaa wa chuma. Mtu wa chuma hampi mwanawe jina la Chozi.

Mlango wa Uhabeshi ulipofungwa kabisa, Krapf akawaza njia nyingine. Kama Waoromo hawafikiki kutoka kaskazini, pengine watafikika kutoka kusini, kupitia pwani ya Waswahili. Ndugu msomaji, usiruke jambo hili. Mombasa haikuwa ndoto ya Krapf. Ilikuwa njia ya nyuma, ya kupitia tu. Kiswahili kwake kilikuwa chombo cha kumvusha kwenda kwa watu wengine. Yale ambayo sisi leo tunamkumbuka kwayo yalikuwa kwake chaguo la pili.

Waliondoka Aden mwishoni mwa 1843. Chombo cha kwanza kilivuja nusura wazame, ikabidi warudi na kuanza upya. Januari 1844 wakafika Unguja. Seyyid Said, sultani wa Kiislamu, alimpokea kwa heshima akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, naye akachagua kukaa Mombasa. Mwezi Mei mume na mke walikuwa wamepata nyumba ndani ya mji, na Rosine alikuwa mjamzito tena. Juni 8 Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, mtu msomi aliyemfundisha lugha. Naipenda picha hiyo: kadhi na mchungaji, wamekaa juu ya maneno ya uumbaji, wakitafuta neno la Kimvita litakalobeba maana. Barua za nyumbani wakati huo zilijaa matumaini. Baada ya miaka saba ya kufukuzwa, kuporwa na kuzika, hatimaye mahali pa kukaa.

Kisha homa ikaja.

Julai Rosine alijifungua binti. Siku hizo hizo homa ikamshika, ikamshika na mumewe. Walilala wote wawili wagonjwa, kila mmoja juu ya kitanda chake. Rosine, akijua anakufa, aliomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali watu wa huko watakapopita wakielekea mjini, ili kaburi lake liwakumbushe kwa nini alikuja. Julai 13, 1844 akafa. Krapf alikuwa dhaifu kiasi kwamba kuinuka tu kwenda kuhakikisha kama kweli mkewe amekata roho kulimshinda karibu. Siku chache baadaye mtoto naye akafa, akalazwa kando ya mama yake. Ukienda Nyali leo, ukauliza njia ya kaburi la Krapf, utaonyeshwa. Ni la Rosine na mwanawe. Yeye mwenyewe amelala Ujerumani.

Alikuwa na miaka thelathini na minne, mjane, amezika watoto wawili, yuko katika mji ambao hakuna hata mmoja wa kumwombolezea kwa lugha yake.

Kilichofuata ndicho kilichomfanya mashuhuri. Aliwaandikia wakubwa wa CMS mjini London akawaambia, kwa maana si kwa maneno yake, kwamba sasa kuna kaburi la mtu wao katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni ishara kuwa mapambano na upande huu wa dunia yameanza. Kwa kuwa ushindi wa kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake, basi saa ya kuiamsha Afrika kutoka mashariki imekaribia. Barua hiyo imesomwa katika makanisa kwa zaidi ya miaka mia na sabini. Nimeisikia kwenye mahafali ya vyuo vya Biblia, nimeisikia kwenye harambee.

Na nimeisikia kwenye mazishi, hapo ndipo ninapokuwa na neno. Mhubiri husimama mbele ya mjane ambaye jeneza bado halijashuka, akamwambia Mungu ana mpango na kaburi hili, kama alivyokuwa na mpango na lile la Nyali. Ndugu mhubiri, Krapf aliyasema hayo juu ya maiti zake mwenyewe. Hakuyasema juu ya za mtu mwingine. Kuna maneno ambayo mfiwa anaweza kuyasema na yakawa imani, lakini wewe ukimsemea yanakuwa mzigo. Mngojee ayafikie mwenyewe, kama atayafikia. Rafiki zake Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa chini wakanyamaza. Waliharibu walipofungua vinywa.

Tena nitakuambia wazi, hata mimi najiuliza kama ile barua ilikuwa imani tupu. Homa ilikuwa bado mwilini. Mtu mwenye homa kali hana hata nguvu za kulia sawasawa. Inawezekana kabisa Krapf alishika kazi kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Inawezekana alikimbilia mpango mkubwa kwa sababu kukaa kimya na ile nyumba tupu kulikuwa hakuvumiliki. Kama ndivyo, simlaumu. Kuna wanaopona kwa kulia na kuna wanaopona kwa kulima, na Mungu huwapokea wote. Ninachojua ni kwamba alirudi mezani. Kalamu, karatasi, kadhi, neno moja baada ya jingine. Kwa karibu miaka miwili aliishi peke yake hivyo, na katika muda huo alikuwa amekwisha kuandika rasimu ya sehemu kubwa ya Agano Jipya na kukusanya maelfu ya maneno kwa ajili ya kamusi. Sura za kwanza za kitabu cha Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wasomi wa lugha za mashariki. Ndipo Kiswahili kilipoanza kuchapwa kwa herufi hizi unazozisoma sasa, kutoka chumba ambacho kitanda cha pili kilikuwa kitupu.

Juni 1846 akapata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani wa upande ule ule wa Württemberg, mdogo wake kwa miaka kumi. Tarehe 25 Agosti mwaka huo wakapanda kwenda Rabai kuanzisha kituo. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, wakampanda kwa zamu, na mwenye zamu ya kutembea alijikokota. Wazee wa Rabai waliwapokea kwa ukarimu wakawaonyesha mahali. Kama ungekuwa mzee wa Rabai siku hiyo ungewatazama Wazungu wawili wanaotetemeka na ungesema hawa hawamalizi mwezi. Rebmann alimaliza miaka ishirini na tisa.

Matunda yalikuwa machache mno. Mtu wa kwanza kuamini alikuwa Mringe, kiwete, maskini, ambaye jamii haikumhesabu kuwa kitu. Alibatizwa akiwa karibu na kufa. Baada ya miaka ya homa, makaburi, na barua kubwa kubwa juu ya kuiamsha Afrika, kanisa lilikuwa mtu mmoja anayekufa. Krapf aliona furaha kubwa katika huyo mmoja, na hilo nalihesabu kuwa ushahidi bora wa hali ya moyo wake kuliko ile barua ya kaburi. Mtu aliyevunjika ndani kabisa hawezi kufurahia kitu kidogo.

Halafu yakaja ya juu. Mei 11, 1848 Rebmann aliuona Kilimanjaro na weupe wake kileleni. Desemba 3, 1849 Krapf, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, aliona vilele viwili vya Mlima Kenya mawingu yalipoachana kwa muda mfupi. Mwaka 1850 akasafiri Ulaya, mara ya kwanza kwa miaka kumi na tatu. Mtoto wa mkulima wa Derendingen akapokelewa na mfalme wa Prussia, akazungumza na Alexander von Humboldt, mwanasayansi mashuhuri kuliko wote wa siku zile. CMS ikakubali mpango wake wa kujenga mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa kuvuka Afrika mpaka bahari ya magharibi. Ikampa watu.

Utadhani hapo ndipo moyo wake ulipotulia. Wapi! Mwanajiografia mmoja wa London, Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aliendelea kwa miaka kuandika kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto za wamisionari. Lakini hata bila Cooley, furaha ile ingepoa. Soma kitabu chake cha safari utaona: ukurasa wa mlima ni mfupi, na mara anaanza kufikiria mto unatoka wapi, njia inaelekea wapi, kituo kinachofuata kitajengwa wapi. Sisi tungepiga picha tukaitundika sebuleni maisha yote. Yeye alikuwa amekwisha kuondoka.

Wale watu aliopewa? Waliwasili mwaka 1851. Mmoja akafa kwa homa baada ya muda mfupi, waliobaki karibu wote wakaugua au wakarudi kwao. Krapf akaenda peke yake Yatta kuanzisha kiungo cha kwanza cha mnyororo, akashindwa. Akaungana na Kivoi kuelekea mto Tana, na karibu na mto majambazi wakawavamia. Kivoi akauawa. Krapf akabaki peke yake porini, bila kiongozi, bila chakula. Alipofika mtoni akanywa, na kwa kuwa hakuwa na chombo akajaza maji katika mtutu wa bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Akatembea usiku na kujificha mchana. Alikula majani na mizizi. Aliporudi kwa watu, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha ndugu yao, ikabidi awatoroke nao. Rabai walikuwa wamesikia kwamba amekufa.

Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa katika jumba la mfalme.

Niliposoma mara ya kwanza habari za safari hiyo nilitegemea kukuta mtu aliyevunjika. Sikumkuta. Nilikuta mtu anayeandika juu ya maji ya mtutuni karibu kwa sauti ile ile aliyoandikia juu ya mfalme. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Paulo na Wafilipi. Yule mvulana wa Basel ambaye mwaka mmoja anawaka na mwaka unaofuata amezimika, sasa ana miaka arobaini na moja, na kuna kitu ndani yake ambacho jumba halikipandishi sana na jangwa halikishushi sana. Hakukipata siku moja. Kilikuja polepole, na sehemu kubwa kilikuja kupitia kazi ndogo ya kila siku, yaani maneno ya Kiswahili, yaliyomngoja mezani awe na furaha au huzuni.

Lakini nisimfanye malaika. Kuna jambo ambalo Krapf hakulizoea kamwe, nalo ni kukaa. Afya ilipomlazimisha kuondoka Mombasa mwaka 1853, alijaribu kurudi kupitia Uhabeshi, akaugua, akashindwa. Mwaka 1855 akaweka makao Korntal, kijiji cha Wakristo wacha Mungu huko kwao Württemberg. Akaoa tena mwaka 1856. Mwaka 1862 alikuwa tena pwani, akiwasaidia Wamethodisti kuanza Ribe, ambako Thomas Wakefield alibaki miaka mingi. Akarudi mgonjwa. Mwaka 1867 akafuatana na jeshi la Waingereza lililokwenda Magdala, akiwa mkalimani, akarudi mgonjwa. Mke wa pili akatangulia, akaoa wa tatu. Mtu aliyejifunza kustahimili kaburi na jangwa alipata shida kustahimili kiti na bustani. Najua wastaafu watakaosoma mstari huu na kutikisa kichwa. Mshahara umekwisha, simu hailii, na mtu aliyevumilia misukosuko ya miaka thelathini ofisini anashindwa na Jumatatu asubuhi isiyo na kazi. Hilo nalo ni bonde, ingawa hakuna anayekuja kukupa pole.

Rebmann alikuwa kinyume chake. Kwa miaka yote ile hakwenda likizo kwao hata mara moja. Alimzika mkewe mwaka 1866. Alikaa Rabai na Wakristo wake wachache, akaandika kamusi, macho yakafifia mpaka akapofuka. Hakuwa na mipango ya kuvuka bara. Wageni waliomtembelea walimwona mzee aliyesahauliwa. Wawili hawa hawakupatana sikuzote: mmoja alitaka kusonga mbele, mwingine alitaka kukaa na kuchimba. Ukiniuliza nani kati yao alikuwa na amani zaidi, nitasema Rebmann. Ukiniuliza nani nafanana naye, sitajibu.

Mwaka 1875 Rebmann alirudi Ulaya akiwa kipofu, akishikwa mkono na Isaac Nyondo, kijana Mkristo wa Rabai, mwana wa mmoja wa waamini wa kwanza. Krapf akamtafutia makao karibu naye pale Korntal. Kwa mwaka mmoja na kidogo wale wawili wakawa tena majirani, kama Rabai, bila homa na bila punda. Rebmann alifariki Oktoba 1876.

Krapf aliendelea na meza yake. Wakati huo Askofu Steere alikuwa akifanya kazi kubwa Unguja, na ilikuwa imeanza kuonekana kwamba Kiswahili cha Unguja, si cha Mombasa, ndicho kitakachotumika katika Biblia. Tafsiri zile ambazo Krapf alizianza kabla ya kufiwa, na akaziendeleza ndani ya nyumba tupu, nyingi hazingetumika kama alivyotumaini. Alijua. Hakuacha kamusi. Humo aliweka maneno ya Kimvita, methali, maelezo ya vyombo, vyakula, mitego ya samaki, ugomvi wa majirani, mambo ambayo asingeyajua kama angepita tu Mombasa akielekea kwa Waoromo, kama alivyokusudia mwanzo.

Jioni ya Novemba 26, 1881 aliingia chumbani kulala. Walipomkuta alikuwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Alizikwa Korntal, kando ya Rebmann. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata.